Upitaji wa Vitu katika Utando wa Seli: Ufafanuzi kwa Mfano wa Maji ya Chumvi na Sukari katika Tiba ya Kipindupindu

1.0 Utangulizi

Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Akinyweshwa maji matupu, sehemu kubwa ya maji hayo hupita katika utumbo na kutoka, na hali yake huzidi kudhoofu. Akinyweshwa maji yaliyotiwa chumvi peke yake, matokeo hayatofautiani sana. Yakitiwa chumvi pamoja na sukari, kwa vipimo maalumu, maji huingia mwilini na kwa kawaida mgonjwa hupona. Sukari inaweza kuwa ileile ya chai na chumvi ileile ya mboga. Kinachotenganisha hali hizi tatu ni namna seli za ukuta wa utumbo zinavyoruhusu vitu kuingia na kutoka.

Elimu ya afya inayotolewa kwa umma imezoea kueleza jambo hili kwa sentensi mbili fupi: chumvi hurudisha chumvi iliyopotea, na sukari humpa mgonjwa nguvu. Sentensi ya kwanza ni kweli. Ya pili si uongo, kwa kuwa sukari ni chakula. Lakini sicho kinachoifanya iwemo katika mmumunyo huo, na kiasi cha nguvu anachokipata mgonjwa kutokana nayo ni kidogo. Makala haya yanashikilia kwamba upungufu wa ufafanuzi huo una madhara. Mlezi anayeamini kwamba sukari ni nguvu hana sababu ya kujizuia kuiongeza, na aliyeishiwa sukari hana sababu ya kusita kutumia chumvi peke yake. Makosa yote mawili yanaweza kumgharimu mtoto maisha yake. Ili kuonesha ni kwa nini, inabidi kuanza na utando wa seli wenyewe.

2.0 Utando na vitu vinavyoupita

Kila seli hai imezungukwa na utando wenye unene wa nanomita chache tu. Mwaka 1925, Gorter na Grendel, watafiti wa Uholanzi, walitoa mafuta yote waliyoweza kuyatoa katika seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, na kukuta kwamba eneo lake lilikuwa takribani mara mbili ya eneo la seli zilizoyatoa. Walihitimisha kwamba utando umejengwa kwa matabaka mawili ya mafuta. Baadaye ilibainika kwamba walikosea mara mbili: hawakuyatoa mafuta yote, na walikadiria eneo la seli kuwa dogo kuliko lilivyo. Makosa hayo mawili yalifutana, na hitimisho lao likabaki sahihi. Mwaka 1972 Singer na Nicolson waliukamilisha muundo huo kwa kueleza kwamba ndani ya matabaka hayo ya mafuta, ambayo ni laini na hayatulii mahali pamoja, zimepachikwa protini za aina nyingi. Karibu kila jambo litakalojadiliwa hapa ni kazi ya protini hizo.

Mafuta ya utando ndiyo mlinzi wa kwanza. Oksijeni na kaboni dioksidi hupenya bila kizuizi kikubwa, kwa kuwa ni molekuli ndogo zisizo na chaji. Sodiamu, potasiamu na kloridi haziwezi. Kila moja ni chembe ndogo sana, lakini ina chaji ya umeme na imezungukwa na molekuli za maji zilizoshikamana nayo, na mafuta hayaipokei. Glukosi nayo haina chaji, ila ni kubwa kiasi na hupenda maji kuliko mafuta, hivyo hupenya kwa shida mno. Laiti seli ingekuwa na mafuta matupu pembezoni mwake, ingekufa njaa huku imezama katika chakula.

Vitu vinavyoweza kupenya husogea kwa usambaaji, yaani kutoka mahali penye ukolezi mkubwa kuelekea mahali penye ukolezi mdogo, bila seli kutumia nishati. Usambaaji huo ni wa kasi katika masafa mafupi na wa polepole mno katika masafa marefu, kwa sababu muda unaohitajika huongezeka kwa kipeo cha pili cha umbali. Molekuli ya glukosi katika maji yaliyotulia huvuka upana wa seli ya kawaida kwa sehemu ndogo ya sekunde; kuvuka sentimita moja kunaweza kuichukua karibu siku nzima. Hii ni mojawapo ya sababu za seli kuwa ndogo, na ni sababu pia ya ukuta wa utumbo mwembamba kukunjwakunjwa na kuota vijidole vidogo vinavyousogeza mshipa wa damu karibu na chakula.

Maji yana kanuni yake. Husogea kwa osmosisi, kutoka upande wenye chembe chache zilizoyeyuka kwenda upande wenye chembe nyingi. Seli nyekundu ya damu ikitiwa katika maji matupu huvimba na kupasuka. Ikitiwa katika maji ya bahari hunywea. Katika tishu nyingi maji hupita kwa wepesi kuliko mafuta peke yake yanavyoweza kuruhusu, na kwa muda mrefu jambo hilo halikuwa na jibu. Mwaka 1992 Peter Agre na wenzake waliingiza katika mayai ya chura maelekezo ya kutengeneza protini moja waliyokuwa wameikuta katika seli nyekundu za damu. Mayai hayo yalipowekwa katika maji yasiyo na chumvi ya kutosha yalivimba upesi na kupasuka, ilhali mayai ya kawaida yalibaki karibu kama yalivyokuwa. Protini hiyo, iliyoitwa akuaporini, ni mfereji wa maji, na ilimpatia Agre sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Mfereji, hata hivyo, si pampu. Huu ndio msingi wa hoja nzima: seli haziyasukumi maji moja kwa moja kama zinavyosukuma chumvi. Maji hufuata chembe. Yakihitajika kuingizwa mwilini, hakuna budi kwanza zitangulizwe chembe ambazo yatazifuata.

Hapa lugha yenyewe inadai tahadhari. Vitabu vya Kiswahili husema kwamba utumbo hufyonza maji, na kitenzi hicho kimekwisha kuzoeleka kiasi kwamba kukibadili hakuna faida. Lakini kufyonza ni kitendo cha mdomo: mtoto hufyonza ziwa, mbu hufyonza damu. Kinabeba picha ya nguvu inayovuta maji yenyewe. Mwanafunzi aliyelelewa na picha hiyo atatarajia kwamba utumbo ukipewa maji mengi utafyonza mengi, na kwamba ukishindwa, basi umechoka au umeharibika. Utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu haujachoka wala haujaharibika, kama itakavyoonekana.

3.0 Pampu ya sodiamu

Ndani ya seli ya binadamu mna potasiamu nyingi, takribani milimoli 140 kwa lita, na sodiamu kidogo, milimoli 10 hadi 15. Nje hali ni kinyume: sodiamu ni milimoli 145 hivi na potasiamu ni 4 au 5. Kwa kuwa utando huvuja kidogo, tofauti hii ingetoweka kama isingedumishwa. Jens Christian Skou, aliyekuwa akifanya kazi Aarhus, Denmark, ndiye aliyekitambua mwaka 1957 kimeng'enya kinachoidumisha. Alikipata katika mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa wa pwani, mnyama aliyepatikana kwa urahisi na ambaye hakuna aliyemhusudu. Tuzo ya Nobel ilimfikia miaka 40 baadaye, mwaka 1997.

Kimeng'enya hicho, ambacho sasa huitwa pampu ya sodiamu na potasiamu, huvunja molekuli moja ya ATP na kwa nishati hiyo hutoa nje chembe tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu. Zote husukumwa dhidi ya mteremko wa ukolezi, jambo ambalo usambaaji hauwezi kulifanya. Sehemu kubwa ya nishati ya mwili uliopumzika hutumika kuendesha pampu hizi. Kwa mtazamo wa haraka ni ubadhirifu: sodiamu hutolewa, hurudi, hutolewa tena. Lakini tofauti ya ukolezi inayopatikana ni akiba ya nguvu, kama maji yaliyoinuliwa nyuma ya ukuta wa bwawa. Sodiamu iliyoko nje daima inatafuta kuingia, na seli inaweza kuiruhusu kuingia kwa sharti kwamba iingie na kitu kingine.

4.0 Mlango wa watu wawili

Sharti hilo ndilo alilolieleza Robert Crane katika mkutano wa kisayansi uliofanyika Prague mwezi Agosti 1960. Ilikuwa ikijulikana kwamba utumbo huweza kuingiza glukosi hata pale glukosi inapokuwa chache katika uwazi wa utumbo kuliko ndani ya seli, na ilijulikana pia kwamba uwezo huo hupotea sodiamu ikiondolewa. Wengi walidhani glukosi ina pampu yake inayotumia ATP. Crane alipendekeza jambo rahisi zaidi: mbebaji mmoja wa protini huishika glukosi na sodiamu kwa pamoja, na ni sodiamu, ikiteremka kuelekea kwenye upungufu wake ndani ya seli, inayoipandisha glukosi. Glukosi haihitaji pampu yake. Inasafiri kwa nauli iliyolipwa na pampu ya sodiamu iliyoko upande wa pili wa seli.

Mbebaji huyo alithibitishwa hatua kwa hatua. Mwaka 1987 Ernest Wright na wenzake waliifikia jeni yake, na protini ikapewa jina SGLT1. Huchukua chembe mbili za sodiamu kwa molekuli moja ya glukosi. Kikikosekana kimoja, kingine hakisafirishwi ipasavyo. Wakati wa Crane swali lililowashughulisha watu lilikuwa jinsi sukari inavyoingia; sodiamu ilionekana kuwa msaidizi tu. Madaktari waliohangaika na kipindupindu walikuwa na swali lililogeuzwa, yaani jinsi ya kuiingiza sodiamu, na ilichukua miaka kadhaa hadi ikaeleweka kwamba jibu lilikuwa lilelile.

Ili picha ikamilike, inabidi kukumbuka kwamba seli ya ukuta wa utumbo ina pande mbili zisizofanana. Upande unaotazama uwazi wa utumbo ndiko iliko SGLT1. Upande unaotazama damu ndiko iliko pampu ya sodiamu, pamoja na mbebaji mwingine, GLUT2, anayeitoa glukosi kwa mteremko wa kawaida bila kuhitaji sodiamu. Hivyo sodiamu na glukosi huingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa milango miwili ya nyuma, na chembe huongezeka upande wa damu. Maji huzifuata. Pampu ingewekwa pande zote mbili kwa usawa, safari hiyo isingekuwa na mwelekeo.

Njia hasa ambayo maji hupita hadi leo ina ubishi. Wapo wanaosema hupita kati ya seli na seli, wapo wanaoitaja mifereji ya utando, na kundi la Wright limetetea wazo kwamba SGLT1 yenyewe hubeba maji katika kila mzunguko wake. Wazo hili la mwisho limepingwa kwa hoja nzito. Kwa madhumuni ya makala haya si lazima kuchagua, kwa sababu pande zote zinakubaliana kwamba sodiamu na glukosi zikiingia, maji huingia.

Kiasi cha maji kinachohusika si kidogo. Kwa mtu mzima mwenye afya, takribani lita 8 hadi 9 hupita katika utumbo kila siku. Karibu lita 2 hutokana na alivyokula na kunywa. Zilizobaki hutolewa na mwili wenyewe kama mate, nyongo na majimaji ya tumbo, kongosho na utumbo. Katika hizo zote, zinazotoka kwenye kinyesi ni mililita 100 hadi 200 tu. Utumbo, kwa hiyo, hutoa maji na kuyarudisha kwa wakati mmoja, na afya ni hesabu inayobaki kati ya mikondo miwili mikubwa. Mkondo mmoja ukizidi kidogo tu, mtu huhara.

5.0 Kipindupindu: mlango uliofunguliwa, uliofungwa na ulioachwa

Mwaka 1959 Sambhu Nath De, akiwa Calcutta, alionesha kwamba majimaji yaliyochujwa kutoka katika bakteria wa kipindupindu, bila bakteria wenyewe, yalitosha kuujaza maji utumbo wa sungura. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba bakteria huua au kubambua ukuta wa utumbo. De alibainisha kuwa ni sumu. Ugunduzi huo haukupata sifa uliyostahili katika uhai wake, na hata leo vitabu vingi vya shule humtaja Koch na kumsahau yeye.

Namna sumu hiyo inavyoingia katika seli ni somo la aina nyingine ya upitaji. Ni protini kubwa isiyoweza kupenya katika mafuta wala kupita katika mfereji wowote. Sehemu zake tano hushikamana na molekuli ya mafuta-sukari iitwayo GM1 juu ya utando. Kisha utando hubonyea, huifunika na kujikata kama kifuko, ukaibeba ndani. Seli hutumia njia hiyohiyo kujipatia vitu vikubwa inavyovihitaji. Sumu hupanda chombo kilichokuwepo tayari, husafirishwa kinyumenyume kupitia maumbo ya ndani ya seli, na hatimaye sehemu yake moja huachiliwa kufanya kazi. Kazi hiyo ni kuzuia kuzimwa kwa swichi moja ya protini. Seli huanza kuzalisha molekuli ya ishara iitwayo AMP ya mduara bila kikomo.

Ishara hiyo hufungua mfereji wa kloridi, CFTR, unaotazama uwazi wa utumbo. Kloridi humwagika nje, sodiamu huifuata ikipita kati ya seli kwa mvuto wa chaji, na maji huzifuata zote mbili. Wakati huohuo ishara hiyo hiyo huifunga njia ya kawaida ambayo sodiamu na kloridi huingilia pamoja mtu asipokula sukari. Ndiyo maana maji ya chumvi peke yake hayasaidii: njia yake imefungwa.

SGLT1 haiguswi. Seli hazijafa, pampu za sodiamu zinaendelea, mteremko wa ukolezi upo, na mlango wa sodiamu na glukosi unafanya kazi kama kawaida huku mwenye nyumba akikauka kwa kiu. Ulingojea tu mtu alete vitu viwili kwa pamoja.

Ulingojea muda mrefu. Mwaka 1832 tayari William O'Shaughnessy alikuwa amepima damu ya wagonjwa wa kipindupindu nchini Uingereza na kuonesha kwamba imepoteza maji na chumvi, na Thomas Latta wa Leith, Uskoti, akazirudisha kwa kuziingiza katika mshipa wa damu. Baadhi ya wagonjwa wake walizinduka. Njia hiyo iliachwa kwa miongo mingi. Mlipuko wa 1869 na 1870 ulipoifika Zanzibar, tabibu James Christie, aliyekuwa akiishi huko, aliufuatilia kwa makini katika njia za biashara za Afrika ya Mashariki na mwaka 1876 akachapisha kitabu ambacho mpaka leo ni chanzo muhimu cha historia ya ugonjwa huo katika pwani hii. Aliweza kueleza jinsi kipindupindu kilivyosafiri. Hakuwa na njia ya kujua kwamba sukari na chumvi, bidhaa zilizokuwemo katika maduka ya mji huo, zilitosha kuyapitisha maji mlango uliokuwa wazi katika kila mgonjwa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 dripu ilikuwa imepunguza sana vifo mahali ilipopatikana. Haikupatikana vijijini. Huko Dhaka, katika maabara ya utafiti wa kipindupindu, Norbert Hirschhorn na wenzake walithibitisha kwa vipimo vya wagonjwa wenyewe kwamba glukosi huendelea kuingiza sodiamu na maji wakati wa ugonjwa. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba kunywesha mmumunyo wa glukosi na chumvi hupunguza kwa kiasi kikubwa haja ya dripu. Calcutta nako kulikuwa na kundi lililofikia matokeo yanayofanana.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, wakimbizi walipofurika India. Katika kambi ya Bangaon dripu zilikuwa zikiisha, na daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa mmumunyo wa kunywa uliochanganywa katika mapipa, wakinyweshwa na ndugu zao. Miongoni mwa waliotibiwa chini ya usimamizi wake vifo vilishuka hadi takribani asilimia 3.6, ilhali hapo awali vilikuwa vikikaribia asilimia 30. Haukuwa utafiti wa maabara wenye makundi ya kulinganisha, na wapo waliosita kuukubali kwa sababu hiyo. Mwaka 1978 jarida la tiba la Lancet liliuhesabu uelewa wa muungano wa sodiamu na glukosi kuwa huenda ndio maendeleo muhimu zaidi ya tiba katika karne hiyo.

6.0 Uwiano ndio dawa

Mmumunyo uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu miaka ya 1970 ulikuwa na jumla ya chembe miliosmoli 311 kwa lita. Damu ina takribani 290. Mmumunyo huo uliokoa maisha mengi, lakini kwa kuwa ulikuwa mzito kidogo kuliko damu, ulichelewesha upitaji wa maji na katika baadhi ya watoto uliongeza kinyesi. Mwaka 2002 Shirika hilo na UNICEF walitangaza mmumunyo mwepesi zaidi wa miliosmoli 245: sodiamu 75, kloridi 65, glukosi 75, potasiamu 20 na sitreti 10. Kwa gramu, lita moja ina chumvi ya kawaida 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitreti ya sodiamu 2.9. Sodiamu na glukosi zimelingana, na jumla imeshushwa chini ya damu ili osmosisi iwe upande wa mgonjwa tangu mwanzo.

Ukweli huu unabadili namna ya kuyatazama makosa ya nyumbani. Pakiti ya lita moja ikichanganywa katika nusu lita kwa nia njema ya kuifanya dawa iwe kali, jumla yake hufikia 490, na maji huanza kutoka kwenye damu kuelekea utumboni. Soda ya kawaida ina takribani gramu 100 za sukari kwa lita na sodiamu kidogo sana. SGLT1 haina sodiamu ya kuisafirisha nayo yote, na sukari inayobaki huvuta maji nje. Madafu, ambayo katika pwani hutolewa kwa imani kubwa, yana potasiamu nyingi inayofaa, lakini sodiamu yake ni ndogo mno kwa mtu anayepoteza chumvi kwa kasi ya kipindupindu. Si vibaya kuyanywa. Ni vibaya kuyategemea.

Kichocheo cha nyumbani kinachofundishwa pale pakiti isipopatikana ni vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Sukari ya mezani si glukosi, bali hukatwa na kimeng'enya kilichoko juu ya seli za utumbo na kutoa glukosi na fruktosi kwa idadi sawa. Vijiko sita ni gramu 25 hivi, ambazo hutoa glukosi karibu milimoli 73 kwa lita, yaani karibu sawa na ya pakiti. Vijiko hivyo sita, kwa hiyo, vina hesabu nyuma yake. Mtu akivichanganya vipimo, akatia vijiko sita vya chumvi na nusu ya sukari, atakuwa ametengeneza maji yenye chumvi inayokaribia ya bahari, na kwa mtoto mchanga hiyo ni sumu. Kosa la aina hiyo haliwezi kuzuiwa kwa kukariri tu. Mtu aliyeelewa kwamba chumvi kidogo huvushwa na sukari, na kwamba vyote vikizidi maji hugeuka njia, ana kitu cha kumshtua mkono ukikosea.

Jina la dawa nalo lina lake. Katika mazungumzo ya kila siku mmumunyo huu huitwa dawa ya kuhara, na mlezi hutarajia kwamba ukinywewa kuhara kutakoma. Hakukomi. Sumu ikishaibadili seli, kloridi huendelea kumwagika hadi seli hiyo ibanduke na nafasi yake kuchukuliwa na mpya, jambo linalochukua siku chache. Mmumunyo haufungi mfereji wa kloridi. Unajaza kwa mlango mmoja kinachomwagika kwa mwingine. Mlezi anayeona kwamba mtoto amekunywa na bado anahara huhitimisha kwamba dawa imeshindwa, huiacha, na mtoto hukauka. Jina kama maji ya kurudisha maji mwilini ni refu na halivutii, lakini halitoi ahadi isiyokuwapo.

Wanga hutoa uthibitisho mwingine wa kanuni hii. Molekuli ya wanga ni kubwa sana, nayo huhesabiwa kama chembe moja katika osmosisi ingawa ndani yake mna glukosi nyingi. Mmumunyo wa chumvi uliotengenezwa kwa unga wa mchele badala ya glukosi huachia sukari kidogokidogo kadiri vimeng'enya vinavyoikata, na kwa wagonjwa wa kipindupindu umeonekana kupunguza kinyesi kuliko ule wa glukosi. Uji mwepesi wa mchele wenye chumvi ya kiasi, kwa hiyo, si ushirikina wa wazee.

Tiba hii ina mipaka. Mgonjwa aliyezimia, au ambaye mapigo ya mshipa hayasikiki mkononi, hahitaji mjadala wa milango ya seli; anahitaji dripu mara moja, kwa kuwa hawezi kunywa kwa kasi inayotosha. Na wapo watoto wachache ambao mmumunyo huu huwadhuru. Huzaliwa na hitilafu katika jeni ya SGLT1, iliyotambuliwa na kundi la Wright mwaka 1991, na huanza kuhara vibaya tangu siku za mwanzo za kunyonya, kwa sababu sukari ya maziwa hutoa glukosi na galaktosi, na zote mbili hutegemea mlango ambao kwao haufunguki. Sukari hubaki katika uwazi wa utumbo na kuvuta maji. Wakipewa sukari na chumvi kwa vipimo vilevile vinavyowaokoa wengine, huzidi kuhara. Watoto hao wakiondolewa glukosi na galaktosi na kulishwa fruktosi, ambayo ina mbebaji wake usiohitaji sodiamu, kuhara hukoma na hukua kama watoto wengine.